Kila Mtu Asome Ukurasa Wake

Hotuba ya Mwenyekiti katika maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu, Rahaleo, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi. Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Ndugu Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Viongozi wetu wa dini. Majirani zetu wa Chikongola, Majengo na Vigaeni mliokuja kutuunga mkono. Na ninyi wanachama wenzetu, akina mama wa Rahaleo:

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hawapo. Mungu awalaze mahali pema. Amina.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika risala ya Katibu umeshasikia hesabu zote: hisa, mikopo, marejesho na mfuko wa jamii. Hatutazirudia. Sisi tumepewa kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni kusoma na kuandika. Najua wapo watakaoshangaa. Watasema, kikundi cha hela kina nini na a-e-i-o-u? Tuvumilieni kidogo, mtaona.

Sisi tunaosimama mbele yenu tumeishia darasa la saba. Tuliingia shule mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya Serikali kuanzisha Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977. Kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Tutasema yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

Mama wa hapa Rahaleo anaamka asubuhi. Mtoto ana homa, anampeleka kliniki. Anapewa dawa kwenye kibahasha kimeandikwa 1 x 3. Moja kutwa mara tatu, au tatu kwa mara moja? Asiyejua kusoma anamuuliza mtu njiani, na huyo wa njiani naye anabahatisha. Jioni umeme umekatika, amenunua LUKU, zimekuja tarakimu ishirini kwenye simu. Anamsubiri mtoto wa jirani atoke shule aje ambonyezee. Mtoto huyo huyo ndiye anayemsomea ujumbe wa pesa, na ndiye anayeijua namba yake ya siri. Halafu unaingia ujumbe mwingine, ile pesa tuma kwenye namba hii. Wenye kusoma wanacheka na kufuta. Asiyesoma anasikia neno pesa, moyo unamdunda.

Twende shambani. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu za Mtwara zinauzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Unapeleka gunia lako chama cha msingi, linapimwa, unapewa karatasi yenye kilo na daraja, hela zinafuata baadaye. Sasa tafakarini, mtu anatoka nyumbani na korosho anarudi na karatasi. Karatasi ile ndiyo korosho zenyewe. Kama huwezi kuisoma, umerudi na nini?

Na hii mikopo inayoitwa kausha damu, jamani, wengi hapa mnaijua. Mama anatia dole gumba kwenye karatasi, anaambiwa hiyo ni ya kupokelea hela. Siku ya siku wanakuja kubeba kitanda, friji na sufuria, kumbe vyote aliviandikisha mwenyewe kwa kidole chake. Hakuna aliyemlazimisha. Ila hakuna aliyemsomea pia.

Basi sisi tunapozungumza habari ya kusoma hatuzungumzii mambo ya vyuo vikuu. Tunazungumzia mtu kuwa na habari zake mwenyewe mkononi mwake, asingoje mwingine amwambie.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walilianza. Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alisema tuanze na elimu ya watu wazima, kwa kuwa watoto wangechukua miaka mitano, kumi, hata ishirini kabla elimu yao haijaleta faida, wakati watu wazima ndio waliokuwa kazini siku ile ile. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwaka 1971 kwisha, na Masasi, wilaya ya mkoa wetu huu, ilikuwa mojawapo.

Wengine wetu tulikuwa watoto wadogo, tumeshika kanga za mama zetu wakienda kisomo. Asubuhi madawati ni ya watoto, alasiri madawati yale yale yanakaliwa na mama zao. Wengine walifundishiwa chini ya mti. Watu waliwacheka, wakawaita ngumbaru. Wao wakaendelea. Walifundishwa kwa vitabu vya kazi zao: mkulima wa pamba kitabu cha pamba, mvuvi kitabu cha uvuvi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakaa kwa vikundi kusikiliza redio na kusoma, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100 kiasi cha 67 hawakujua kusoma. Ulipofanyika mtihani wa nchi nzima mwaka 1975 walibaki 39. Mwaka 1986 walikuwa hawafiki 10. Nchi maskini kama yetu, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Na tusiwasahau bibi zetu wa pwani hii. Wengi walikuwa na herufi zao tangu zamani, walisoma msahafu, na wapo walioandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimwandikia binti yake utenzi mwaka 1858, kabla hata mama wa bibi zetu hawajazaliwa. Lakini akija karani na fomu ya herufi za Kizungu, bibi wa namna hiyo naye anaambiwa weka dole gumba.

Sasa mtauliza, kama mama zetu walisoma, mbona tulipoanza kikundi miaka kumi iliyopita tulikuta wanachama saba kati ya thelathini hawawezi kusoma ukurasa wao? Jibu tumelipata kwao wenyewe. Wawili walisoma kisomo wakapata na cheti, ila baada ya hapo hawakuwa na cha kusoma. Kusoma ni kama njia ya shamba, usipoipita majani yanaota. Mmoja alitolewa darasa la pili akalee mdogo wake. Wengine walikulia mashambani, shule ilikuwa mbali. Na mmoja hakusahau kusoma hata kidogo, macho ndiyo yaliyochoka, na miwani hana.

Lakini hayo hatukuyajua wakati ule, kwa sababu hakuna aliyesema. Kila mmoja alikuwa na neno lake. Nimesahau miwani. Nisomee wewe, nina haraka, samaki wangu wako jua. Na sisi hatukuuliza.

Ndugu zetu, sasa tunafika kwenye jambo ambalo tulikubaliana katika kikao tuliseme hadharani leo, na mwenyewe ameturuhusu. Jina lake hatutalitaja.

Mnajua ule usemi wa wafanyabiashara, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ya kwanza kabisa tuliuandika kwenye jalada la daftari letu kubwa. Tulijivunia daftari lile. Tulikuwa na sanduku la kufuli tatu, washika funguo watatu, na katibu mmoja mwenye mwandiko mzuri. Tukasema hapa hakuna kitakachopotea.

Mwaka wa nne, mwenzetu mmoja anayekaanga samaki alikopa shilingi 200,000. Pamoja na faida alitakiwa arudishe 220,000 kwa mafungu matatu: 80,000, tena 80,000, na la mwisho 60,000. Ilipofika siku ya kusoma madeni, daftari likasema anadaiwa 60,000. Akasema, nimeshalipa. Katibu akasema, daftari linasema hujalipa. Akasema tena, nimelipa siku ile ya mvua, tulipohamia barazani. Nilikuwa na noti sita za elfu kumi kwenye pindo la kanga. Aliyelipa kabla yangu ni fulani, aliyelipa baada yangu ni fulani.

Tukamwambia, haya, toa kitabu chako cha mwanachama. Akakitoa ndani ya mfuko wa plastiki, kikavu, hakina hata doa. Akasema, imo humu.

Tukafungua. Haimo.

Mwenzetu alikaa na kitabu kile miezi miwili, akikificha chini ya godoro, anaamini hela yake imo ndani. Hakuweza kujua kwamba mstari ule ni mtupu. Na sisi tulifanya nini? Tulicheka. Tunasema kweli mbele ya Mungu, wapo waliocheka. Mmoja wetu akasema, mama, daftari halisahau, anayesahau ni mtu. Mwingine akasema maneno mabaya zaidi, ambayo hatuwezi kuyarudia mbele ya wageni. Na sisi kiti cha mbele tulinyamaza. Kunyamaza kwa mwenyekiti ni hukumu.

Alilipa ile 60,000 mara ya pili. Baadaye tuliambiwa aliuza karai lake kubwa la kukaangia.

Miezi minane ikapita. Siku ya mgao wa mwisho wa mwaka tunafunga hesabu, tunakuta mwanachama mwingine amelipa mkopo wake ukazidi kwa 60,000. Wanachama hao wawili wana jina moja, wanatofautiana jina la baba tu. Yule wa pili, Mungu ambariki, akasimama mwenyewe akasema, fungu hilo si langu, mimi siku hiyo nilikuwa Msimbati msibani. Tukaangalia tarehe. Ni siku ile ya mvua.

Katibu hakuiba. Hilo tuliseme wazi, maana baada ya hapo alitaka kujiuzulu, na alilia sana. Alikuwa amechoka, giza limeingia, watu thelathini wanamwita kwa wakati mmoja, akaruka mstari. Kosa la kwanza lilikuwa lake, ila lile kubwa lilikuwa la kwetu sote, kwa sababu tulimfanya mtu mmoja awe macho ya watu thelathini.

Tulimrudishia mwenzetu 60,000 mbele ya kikao, tukamwomba radhi. Akazipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akasema, hela mmerudisha, na yale maneno ya siku ile mtayaandika ukurasa gani?

Hakuna aliyejibu. Hata leo hatuna jibu.

Vikao viwili hakuja. Kikao cha tatu tukamwona anaingia na daftari jipya la shule na kalamu ya wino. Akasema, sitaki mambo mengi. Nifundisheni kuandika jina langu na la baba yangu, na kusoma sitini elfu.

Ndugu Mgeni Rasmi, darasa letu lilianza hivyo. Hapakuwa na mradi wala mfadhili. Tulikubaliana kila Jumamosi wanaotaka waje nusu saa kabla ya kikao. Ubao ni boksi lililopasuliwa, chaki ni mkaa. Hatukuanza na a-e-i-o-u. Tulianza na kitabu cha mwanachama: jina lako, tarehe, hisa, mkopo, nimelipa, baki. Mtu anajifunza kusoma kitu kinachomuuma na kumfaa. Kumbe ndivyo walivyofundishwa mama zetu kwa vitabu vya pamba na uvuvi, ila sisi tulikuwa hatujui kwamba tunawafuata.

Walianza watano. Mmoja mumewe alimuuliza, unataka kusoma uje usome simu yangu? Tulicheka siku ile, lakini yeye hakurudi tena, na tunasikitika. Wanne waliendelea. Mmoja alifika mahali pa kusoma kadi ya kliniki ya mjukuu wake na kumwambia mkwewe, tarehe ya chanjo imepita, amka twende. Mwingine alisoma karatasi ya mkopo wa mtaani mwanzo hadi mwisho, kwa kupapasa kidole neno kwa neno, kisha akamrudishia mwenye nayo bila kusaini. Akatuambia, sikuelewa maneno yote, ila nilielewa neno kitanda.

Pia tulibadilisha utaratibu wa kikao, na tunawaeleza wenzetu wa vikundi vingine mlioko hapa, huenda ukawafaa.

Kwanza, kila hela inayoingia au kutoka inasomwa kwa sauti, jina mpaka la baba, na mwenyewe anajibu ndiyo kabla katibu hajageukia mtu mwingine.

Pili, kitabu cha mwanachama kinajazwa hapo hapo pamoja na daftari kubwa, na kinarudi mkononi mwa mwenyewe. Anayejua kusoma anasoma ukurasa wake. Asiyejua anasomewa na mtu aliyemchagua mwenyewe, wala si katibu.

Tatu, kabla ya kufunga sanduku, mweka hazina anataja kiasi kilichobaki, na wote tunakirudia kwa pamoja. Kikao kinachofuata hatufungui daftari kwanza, tunaulizana kichwani, tulifunga na ngapi?

Hili la tatu si uvumbuzi wetu. Mtindo huu wa vikundi vya akiba vya sanduku ulianza nchi ya Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilifanya kazi na akina mama wa vijijini. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu za kikundi waliziweka kichwani kwa pamoja, mbele ya wote. Vitabu vilikuja baadaye. Tuliposikia habari hiyo tuliona aibu, tukamkumbuka mwenzetu na noti zake sita, mvua yake, aliyelipa kabla na aliyelipa baada. Alikuwa na daftari kichwani, tena lilikuwa sahihi kuliko letu. Sisi tulilikataa kwa sababu halikuwa na wino.

Kwa hiyo funzo letu la miaka kumi ni hili. Mali bila daftari hupotea bila habari, hiyo kweli. Lakini daftari linalosomwa na mtu mmoja nalo hupoteza bila habari, tena hupoteza vibaya zaidi, kwa kuwa linapoteza hela na heshima ya mtu kwa pamoja, na hakuna anayelishuku. Anayejua kusoma asijione hakimu wa asiyejua. Na asiyejua asione haya kusema, sijui, nifundisheni. Haya hiyo ndiyo inayotuuza kwa watu wa kausha damu.

Siku hizi kalamu inatafutwa kila mahali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imetutaka vikundi tujisajili, tuwe na katiba na kumbukumbu za maandishi. Fedha za Halmashauri, ile asilimia nne ya wanawake, nazo zinaombwa kwa fomu. Tunakubali, ni utaratibu mzuri. Ila tunaomba maafisa wetu, mnapotuletea karatasi za kusaini, msituambie tu weka sahihi hapa. Tupeni nafasi tuisome kwanza katika kikao, hata kama tunasoma polepole.

Na kwa ninyi mliokuja kutuunga mkono, maombi yetu ni madogo. Hatuombi jengo. Tunaomba ubao wa kweli, maana boksi likipata mvua darasa limekwisha. Tunaomba taa ya jua, kwa sababu lile kosa la siku ya mvua lilitokea gizani. Na tunaomba miwani ya kusomea. Hii msiione ndogo. Akina mama wengi wa umri wetu wanahesabiwa hawajui kusoma, kumbe wanachokosa ni miwani. Mwenye miwani ya zamani ambayo haitumii, atuletee, tutajaribishana.

Tumalizie na hiki kijitabu mlichonacho mikononi. Fungueni ukurasa wa mwisho. Hapo yamo majina ya wanachama wote, na hayakupigwa chapa, kila mmoja ameandika la kwake kwa mkono wake. Mengine yamepanda mlima, mengine yameshuka bondeni. Tafadhali msicheke. Mtaona pia alama tatu za dole gumba. Hao ni wenzetu ambao bado, na ukurasa wao tunausoma pamoja nao kila Jumamosi.

Na mtaona majina mawili yanayofanana, moja chini ya lingine. La juu limeandikwa kwa wino uliokolezwa sana, mpaka karatasi imetoboka kidogo, na jina la baba limepigiwa mstari chini, mara mbili. Aliyeandika yuko hapa kati yetu. Asubuhi ya leo alikuwa wa kwanza kufika, na samaki mnaokula ni wa kwake.

 Mungu ibariki Rahaleo, Mungu ibariki Mtwara, Mungu ibariki Tanzania.